Uso Unaowasha Hauhitaji Dawa Kali

Mwenye uso uliokauka, unaowasha na kubambuka hakosi washauri, awe Toi Market au Kawangware 46 jijini Nairobi. Mmoja atamwambia uso ni mchafu, ausugue kwa sabuni. Mwingine atamtuma kwa kemisti akanunue tyubu ya krimu inayomaliza kila kitu. Wote wana nia njema, na wote wanamwongezea maradhi.

Tuanze na sabuni. Ngozi ya uso ina tindikali kidogo, pH yake ikikaribia 5. Sabuni ya kipande ina pH ya 9 hadi 10. Huondoa jasho na moshi wa jiko, ila huondoa pia mafuta ya asili yanayozuia ngozi kupoteza maji. Tena Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa ya Januari na Februari ni kavu. Maji yakiwa ya kununua kwa mtungi, mtu husuuza uso kwa kubana, na sabuni hubaki. Uso ukikaza, anadhani uchafu haujatoka, anasugua tena.

Hoja ya krimu ni nzito zaidi, kwa kuwa krimu hutuliza kweli. Nyingi zina steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli, ambazo huzima uvimbe na mwasho kwa siku chache. Lakini mwasho kutulia hakumaanishi chanzo kimeondoka. Kama ni mashilingi, kuvu huendelea kusambaa chini ya utulivu huo, na vidonda hubadilika sura hata mhudumu wa afya asivitambue. Ikipakwa kwa muda mrefu, steroidi kali hufanya ngozi ya uso iwe nyembamba na huleta vipele kuzunguka mdomo. Ikiachwa, uso unaweza kuwaka kuliko mwanzo. Mtumiaji anaona amepata uthibitisho kwamba anaihitaji, kumbe mwasho huu wa pili umeletwa na krimu yenyewe. Krimu za kuchanganywa zisizo na lebo ni hatari zaidi: baadhi huwa na zebaki, ambayo hudhuru figo.

Kuna swali la haki: asiye na pesa za daktari wa ngozi afanye nini? Kwanza, apunguze. Aoshe uso kwa maji matupu, aache manukato, kisha apake mafuta ya mgando yasiyo na harufu uso ukiwa bado na unyevunyevu. Wengi wetu tulilelewa kwa Arimis, mafuta ya kukamulia ng'ombe. Mafuta ya bei nafuu si aibu.

Wiki chache zikipita bila nafuu, aende kituo cha umma, kama Mbagathi au Riruta. Baka lisilo na hisia lisingojewe hata siku moja. Si lazima aanzie kwa bingwa: tangu 1992, kituo cha mafunzo ya ngozi cha Moshi, Tanzania, kimewafundisha matabibu wa kawaida kutibu maradhi haya. Aliyekwisha kuzoea krimu aende na tyubu yake, asaidiwe kuiacha.

Na wenye kemisti wana wajibu wao. Steroidi kali ni dawa ya kuandikiwa. Kumuuzia mtu bila kumuuliza chochote ni kumtafutia ugonjwa wa kudumu, na jirani zetu wanastahili huduma bora kuliko hiyo.