Kamusi Peke Yake Haitoshi

Wenzangu, tuchukue neno moja tu: kuchanganya. Ukichanganya unga na maji, huvitenganishi tena. Ukichanganya wavulana na wasichana darasani, kila mmoja bado unamwona. Sasa fundi wa video akisema "nachanganya picha mbili", anamaanisha nini? Labda anafifisha moja juu ya nyingine mpaka zote zionekane. Labda anapachika kidirisha, kama kile cha mkalimani wa lugha ya alama kwenye taarifa ya habari. Au anaondoa rangi ya kijani nyuma ya mtangazaji na kuweka ramani. Kazi tatu, neno moja.

Kwenye hataza, tofauti hiyo ni pesa. Mwenye hataza atataka neno libebe zote tatu. Anayeshtakiwa atang'ang'ania moja tu. Nani aamue? Marekani, kesi ya Markman ya mwaka 1996 ilisema ni jaji, siyo jopo la raia. Mwaka 2005, kesi ya Phillips ikafafanua njia: neno lisomwe kama mtu wa fani angelielewa, ndani ya waraka mzima. Kamusi inaruhusiwa, ila haitangulii. Ubishi ulihusu vibao vya chuma ndani ya ukuta: lazima viinamie ili kukinga risasi? Mahakama ikasoma waraka, ikaona vibao vina kazi zaidi ya hiyo, ikasema si lazima.

Wapo watakaosema muktadha unawapa mawakili nafasi ya kupindisha mambo, afadhali kamusi, maana ni ileile kwa wote. Mimi sikubali. Kamusi ikikupa maana tano, bado wewe ndiye unayechagua, na utachagua inayokufaa. Waraka uliandikwa kabla ya ugomvi; huo ndio unaokubana.

Hapa ndipo sisi wa ualimu tunapoingia. "Eleza maana ya neno, alama mbili," mwanafunzi anakariri, anasahihishiwa, basi. Tumpe aya nzima, tumuulize: mwandishi amelitumiaje hapa, na ni sentensi gani inakuonyesha hivyo? Ni kazi zaidi kusahihisha, najua. Lakini kesho huyo ni mhandisi, amebuni kitu chake, na ulinzi wake wote umo kwenye maneno aliyoyaandika. Tukimfundisha kukariri tu, atakayesoma vizuri zaidi ndiye atakayemnyang'anya.