Mjomba ana dau Mikindani, lakini watoto watalifikiaje?

Mnada wa korosho ukishapita na malipo yakaingia kupitia AMCOS, nyumba nyingi za Newala na Masasi huanza hesabu za Desemba. Sare na madaftari kwanza, bati za nyumba pili, kisha safari. Watoto wamefunga shule, na mjomba wao anayeishi Mikindani anaahidi tangu mwaka juzi kuwapandisha kwenye dau lake dogo la tanga. Mama anafunga mizigo. Baba amepewa kazi moja: anunue boti ndogo ya mpira, ile ya kujaza upepo, ya kuwatoa watoto ufukweni na kuwafikisha kwenye dau lililotia nanga.

Kazi hiyo inaonekana ndogo, na ndiyo maana wengi huifanya dakika ya mwisho, dukani, kwa kuangalia rangi na bei. Lakini kwa familia yenye watoto, zile mita hamsini kati ya ufukwe na dau zinaweza kuwa na hatari kuliko safari yenyewe ya tanga. Dau lina mwenyewe anayelijua. Boti ndogo hupigwa makasia na yeyote aliye karibu, ikiwa imejaa watu, vikapu na haraka.

Ukaribu wa nchi kavu haumwokoi mtu. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara. Kilikuwa kimezidisha abiria, na watu zaidi ya 220 walikufa huku walio nchi kavu wakitazama.

Mtu wa bara atauliza kwa nini familia isitembee tu majini hadi kwenye dau. Pwani ya Mtwara, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa takriban mita tatu au zaidi. Mahali mlipopita asubuhi maji yakiwa magotini, mchana panaweza kumfunika baba. Wenyeji hutumia hori au mtumbwi, na aliyezaliwa nao anausimamia kama anavyosimama sebuleni. Mgeni hawezi. Mtoto mmoja akiinuka ghafla kumwonyesha mwenzake samaki, mtumbwi unalala ubavu.

Hapo ndipo boti ya mpira inapostahili sifa yake. Mabomba yake mapana ya hewa hulala juu ya maji pande zote, kwa hiyo si rahisi kupinduka mtu anapoegemea upande mmoja, na mtoto akijigonga haumii sana. Ni nyepesi kiasi kwamba watu wazima wawili huibeba hadi juu ya ufukwe. Ikitolewa upepo, inakunjwa na kuingia kwenye buti ya basi la Newala.

Tatizo ni kwamba maduka huweka vitu viwili tofauti chini ya jina moja. Kimoja ni boti. Kingine ni mwanasesere wa bwawa la kuogelea, wa plastiki nyembamba yenye picha za samaki, na mara nyingi boksi lake limeandikwa kwa herufi ndogo kwamba si kifaa cha kuokolea maisha. Yale maboya ya kuvaa mikononi na mpira wa ndani wa tairi la lori viko kundi hilohilo. Vyote ni vyepesi mno, na upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini, ule ambao wavuvi huutumia kutokea alfajiri, huvichukua haraka kuliko baba anavyoweza kuogelea. Kama baba mwenyewe anaweza kuogelea.

Na wengi hawawezi, bila aibu yoyote. Newala ipo juu ukingoni mwa uwanda, ikilitazama bonde la Ruvuma kwa mbali. Huko juu hakuna mto wa kuchezea, na kwa vizazi maji yalifuatwa chini ya mteremko na kupandishwa kichwani. Masasi nako mito mingi hukauka kiangazi. Mtoto anayekulia hapo anajua thamani ya ndoo ya maji kuliko mtoto wa pwani, lakini maji yenye kina huenda akayaona kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo ya kupanda dau.

Boti ya kweli hutambulika kwa kibandiko chake. Kinataja idadi ya watu, jumla ya kilo, kiasi cha upepo wa kujazwa, na nguvu ya juu ya mashine inayoruhusiwa. Kinaweza pia kutaja ISO 6185, kiwango cha kimataifa cha boti za kujazwa upepo. Boti isiyo na kibandiko iachwe hapohapo dukani. Kisha hesabiwe vyumba vya hewa: viwili ni kiwango cha chini kabisa, vitatu ni bora, ili kimoja kikitoboka kingine kiwabebe. Muuzaji aombwe kuijaza upepo mbele ya mnunuzi, atoe upepo wa chumba kimoja, na ionekane kama bado inakaa juu.

Idadi ya watu kwenye kibandiko ndiyo inayopuuzwa zaidi. Boti ndogo inayofaa kwa dau la familia, yenye urefu wa mita mbili na nusu hivi, mara nyingi haizidi watu watatu. Familia ya baba, mama, watoto watatu na mjomba ni watu sita, bila kuhesabu dumu la maji na sufuria ya wali. Na kusema "ni watoto tu" hakusaidii, kwa kuwa watoto hawakai walipowekwa.

Hapo kinakuja kile kitendawili cha chui, mbuzi na majani. Mjomba, ambaye ndiye mpiga makasia, amchukue mama na mtoto mdogo kwanza. Anarudi, anachukua watoto wawili, mama anawapokea kwenye dau. Safari ya tatu ni baba na mizigo. Kwa mpango huo hakuna hata dakika moja ambapo mtoto amebaki ufukweni au darini bila mtu mzima. Wakati wa kurudi, mpango unageuzwa: baba hutangulia, mama hushuka mwisho na mdogo wake. Kama mjomba anaona uvivu kwenda mara tatu, basi inunuliwe boti kubwa zaidi.

Kuhusu kitambaa, zipo aina mbili kuu. PVC ni ya bei nafuu na inatosha kwa anayeitumia wiki mbili kwa mwaka, mradi isiachwe juani, maana jua la pwani huifanya inate na kuachia gundi. Kitambaa ambacho wengi hukiita Hypalon hustahimili jua kwa miaka mingi zaidi, na bei yake inalijua hilo. Kwa familia ya Newala, PVC nene yenye sakafu ngumu kidogo ni chaguo la busara. Sakafu laini kabisa humzamisha miguu mtoto anayesimama, naye huanguka. Pampu, viraka na gundi viwe ndani ya mfuko wa boti, kwa sababu miamba na magamba ya chaza havichagui kitambaa. Saa sita mchana upepo upunguzwe kidogo kama boti ipo juani mchangani. Hewa ikipata moto hutanuka, na mishono huchoka.

Udhaifu wake mkubwa ni upepo. Boti ya mpira haishiki maji kama mtumbwi, na makasia yake ni mafupi, kwa hiyo upepo ukikaza hata mwanaume mwenye nguvu hupiga kasia palepale. Likizo ya Desemba ina nafuu. Ile ya katikati ya mwaka huangukia kwenye kusi, ambapo ni afadhali watoto wacheze bao ufukweni. Wakati wowote, kamba ndefu iliyofungwa kutoka dau hadi nchi kavu huondoa wasiwasi mwingi, kwani boti huvutwa kwa mkono.

Bajeti ikibana, ipunguzwe kwenye boti, si kwenye majaketi ya kujiokolea. Kila mtoto awe na lake, la uzito wake, la sponji badala ya la kujazwa upepo, lenye kola ya kuinua kichwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Avalishwe, kisha ainuliwe kwa mabega ya jaketi: likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Kununua kubwa "akue nalo" kama sare ya shule ni kosa, kwa kuwa mtoto atachomoka chini yake. Majaketi hayo yatafaa pia kwa wale wanaoshuka Ruvuma na kuvuka kwa mtumbwi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kinywa chake kipo majini. Akitolewa na hapumui, apewe pumzi tano za mdomo kwa mdomo, kisha kifua kibonyezwe mara 30 na pumzi mbili, bila kuacha, huku mwingine akipiga 114 au 112. Kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo hupoteza muda na kunaweza kumtapisha. Na hata akizinduka, anacheka na kuomba soda, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, iwe Ligula au ile ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo, maana mapafu yaliyopata maji yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Boti ikimaliza kazi, ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kuondoka Mikindani, kwani huko juu Newala hakuna atakayekubali ndoo nne ziende kwenye mpira. Ikauke kivulini, ikunjwe. Isiwekwe stoo ya korosho: panya hawatofautishi gunia na boti.