Mfupa Wenyewe Uko Wapi?

Katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya huku Butimba, Mwanza, mwalimu wa historia aliwaonyesha hadhirina, kwa projekta ya kuazima, fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus likizungushwa ndani ya kompyuta, na kabla hajakamilisha maelezo yake aliinuka mzee mmoja, mwenye kanzu safi na kauli nzito, akauliza: "Mfupa wenyewe uko wapi? Mnawafundisha watoto wetu katuni?" Ukumbi ukampigia makofi, nami nikakereka kwa ghadhabu ambayo hata leo haijanitoka.

Haya, tumjibu. Mfupa wenyewe, aliouona mtafiti Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959, ulitoka ardhini vipande vipande ukaungwa kwa subira, nao umehifadhiwa Dar es Salaam wala hauazimwi shule yoyote. Nyayo za zamadamu wa Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6, zilifukiwa tena katika miaka ya 1990 ili mizizi ya miti isizipasue. Na yule mjusi wa kale, dinosaria wa Tendaguru, ambaye Wajerumani walimchimbua Lindi baina ya 1909 na 1913, akasimamishwa Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13? Kichwa anachokitazama mtalii pale juu ni sanamu, na kadhalika pingili za shingo, maadamu mifupa ya asili ni mizito na dhaifu mno kuning'inizwa. Mzungu hulipa kiingilio akaistaajabia nakala; sisi tulioachiwa mashimo, kama tulivyoachiwa mapanki baada ya minofu ya sangara kupanda ndege, ndio tunaoona haya kutazama sanamu!

Tena katuni huchorwa kwa kuwaza, ilhali kielelezo cha kompyuta kama kile cha mwalimu hutengenezwa kwa kuupiga mfupa picha tele kutoka kila upande, au kwa kuupima kwa mionzi. Binti mmoja wa safu ya mbele alilipindua fuvu lile juu chini, akauliza lile tundu ni la nini. Akajibiwa kwamba ndipo uti wa mgongo unapoingilia, na kukaa kwake chini, badala ya kisogoni, ni ithibati kuwa mwenye fuvu alitembea wima. Nani angemruhusu kulipindua la asili?

Mzee akaongeza kwamba kompyuta hudanganya. Ni yeye yule aliyetutumia wazazi, kwa simu, video ya nyoka mwenye vichwa saba aliyeibuka ziwani, akaapa kuwa ni ya kweli kwani ameiona kwa macho yake.

Swali lililostahili makofi hakuliuliza mtu: kwa nini projekta iwe ya kuazima, katika shule ambayo mchango wa keki ya mahafali hutimia kabla ya tarehe, na fulana za kamati hushonwa upya kila mwaka?