Kabla Hujamwita Mwenzako Mwizi Kwenye Grupu

Leo nataka tuongee kitu kinachotuumiza sisi tunaodizaini kwa simu hapa Kakuma.

Miezi michache iliyopita, vijana wawili wa grupu yetu walitoa posta mbili za harusi zinazofanana. Maua yale yale, duara ya dhahabu ile ile, hata jina la bwana harusi limekaa pale pale. Mmoja akapiga skrinshoti, akazitupa kwenye grupu na neno moja tu: "Mwizi." Ndani ya saa moja jumbe zilikuwa zimejaa. Mwingine akaanza kusema eti watu wa nchi fulani ndio tabia yao. Mimi ni admini, na sikusema kitu. Niliweka kile kikatuni cha kucheka.

Baadaye ndio tukajua kwamba wote wawili walichukua templeti moja ya bure kwenye Canva. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Lakini yule kijana alikuwa ameshatoka kwenye grupu, na mama aliyempa kazi ya shilingi 500 alikuwa ameipeleka kwa mtu mwingine. Sisi hatuna duka wala mtaji. Mtaji wetu ni jina. Ukimharibia mtu jina hapa kambini, umemfungia biashara.

Sisemi kukopi ni sawa. Kuna mtu anachukua posta uliyokesha nayo, anafuta jina lako pale chini, anaweka lake, halafu anauza. Huo ni wizi, tusiuite jina lingine. Lakini kupenda rangi za mwenzako, au kutumia templeti ambayo dunia nzima inatumia, hicho ni kitu kingine. Hata Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi ambayo mtu ameitia juhudi ya kutosha mpaka ikapata sura yake yenyewe. Wazo peke yake halina mwenyewe. Angalia hata vitenge vya wax ambavyo mama zetu wanajivunia. Kampuni ya Vlisco ya Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846, ilijijenga kwa kuiga batiki za Java. Kuigana hakukuanza na sisi.

Sasa tufanyeje? Hakuna mtu atakayeenda mahakamani juu ya posta ya shilingi 300. Tutaamuana wenyewe, basi tuamuane kama watu. Maoni yangu ni haya.

Kwanza, muandikie mwenzako inboksi, au bora zaidi umfuate nyumbani. Muulize: "Ndugu, hii ulitoa wapi?" Hilo ni swali, bado si hukumu.

Pili, kila mmoja alete faili la kazi yenyewe, lile ambalo maandishi na picha bado vinasogezwa kimoja kimoja. Picha iliyomalizika mtu yeyote anaweza kuidownload. Faili la ndani anakuwa nalo aliyefanya kazi. Kwa hiyo tuache kufuta mafaili yetu ili kupata nafasi ya video.

Tatu, wakishindwana, wakae na watu watatu ambao hawana faida kwenye hiyo kazi, na wasiwe wote wa nchi moja. Ikionekana kweli mtu aliiba, arudishe jina la mwenye kazi na wagawane pesa aliyopata. Akikataa, hapo ndio grupu iambiwe.

Na ikionekana hakuiba, aliyemshtaki aombe msamaha pale pale alipomchafulia jina. Hatuwezi kumtukana mtu mbele ya watu wote halafu tumuombe msamaha pembeni.

Hiyo ya mwisho inanihusu mimi pia. Wiki iliyopita nilienda kwa yule kijana. Alinipa kiti na chai, tukaongea mambo ya mvua na mpira. Nilipomuomba msamaha akaniuliza: "Na grupu wanajua kama umekuja?" Sikuwa na jibu.

Basi leo grupu ijue. Ndugu yetu hakuiba, na mimi admini nilicheka wakati nilipaswa kusimamisha maneno. Naomba msamaha.

Wewe unaonaje? Andika hapa chini, lakini bila kutaja jina la mtu.