"Mayai Pasua": Kosa au Istilahi?

Ni maoni yangu kuwa sisi wanafunzi wa Kiswahili huharakisha kusahihisha. Jioni moja mjini Isiolo, kando ya barabara iendayo Moyale, mchuuzi aliniuliza, "Mwalimu, nikupasulie?" Kama ilivyo kwa baga, mlaji ndiye huamua: kitunguu kingi au kidogo, nyanya, dania, pilipili au bila. Ndipo yai la kuchemsha hupasuliwa na kujazwa kachumbari.

Kwa kiburi cha msomi nilimwambia, "Sema mayai yaliyopasuliwa."

Akacheka. "Mwalimu, yaliyopasuliwa ni ya jana. Yangu ni pasua."

Sikuwa na jibu. Neno lake lilibeba maana ambayo usahihi wangu uliikosa: yai husubiri amri ya mlaji. "Kachumbari" lenyewe lilitoka Bara Hindi. "Hamburger" lilitokana na mji wa Hamburg, kisha Wamarekani wakalikata likabaki "burger". Wasemaji nao hupasua maneno.

Katika mji ambapo Mborana, Msomali, Mmeru, Mturkana na Msamburu huelewana kwa Kiswahili, istilahi huzaliwa sokoni. Wanachama wenzangu, tusikilize kwanza, kalamu nyekundu ifuate.