Usipeleke Kopo la Maziwa

Tetemeko la ardhi lilipobomoa nyumba za ndugu zetu wa Kagera mwezi wa Septemba 2016, akina mama wa kanisani kwetu tulikusanya blanketi, sabuni na vitenge. Mimi, muuguzi mzima, niliongeza makopo mawili ya maziwa ya watoto. Leo nisingefanya hivyo.

Kule Yogyakarta, Indonesia, tetemeko la tarehe 27 Mei 2006 liliua watu zaidi ya 5,700. Maziwa ya kopo yalimiminika kama msaada, hata kwa akina mama waliokuwa wakinyonyesha. Wataalamu walipochunguza baadaye, waliona kuhara kumezidi mara mbili kwa watoto wadogo waliopewa maziwa hayo kuliko kwa wenzao. Si ajabu. Maji yamechafuka, jiko liko chini ya kifusi, chupa itachemshwa wapi? Tena mtoto akishashiba kopo hanyonyi, na ziwa lisiponyonywa maziwa hupungua. Msaada ukiisha, mama hana kitu.

Utasikia wakisema, "Hofu imemkausha maziwa." La, dada. Hofu huyachelewesha kutoka kwa muda tu. Anyonyeshe mara kwa mara, yatatoka. Apewe chakula, maji ya kunywa na mahali penye sitara. Kichanga aliyefiwa na mama ndiye huenda akahitaji kopo, naye anywe kwa kikombe, muuguzi akiangalia.

Mchango mwingine ukitangazwa, tia kapuni unga, maharage, khanga, na ndoo yenye kifuniko.