Sisi Ndio Kitabu, Darasa Liko Ng'ambo

Hapa Pemba mtoto akisema anakwenda kusomea udaktari, mtaa mzima unampa mkono. Akisema ualimu, watu wanashukuru, kazi ya heri. Akisema lishe, kwanza watu wananyamaza, wanatazamana, halafu bibi mmoja anauliza kwa upole: "Kusomea kupika, mjukuu wangu? Mbona mie sikukutoza ada?" Barza nzima inacheka, pamoja na baba mtu, ambaye ndiye mlipaji.

Basi tunaeleza. Tunaeleza barzani, tunaeleza harusini, tunaeleza ndani ya gari la kwenda Konde tukiwa tumebanana magoti, kwamba lishe si kupika. Ni kujua kwa nini mtoto anakula mara tatu kwa siku na mkono wake bado mwembamba. Ni ule utepe wa rangi tatu wanaouzungusha kliniki kwenye mkono wa mtoto, juu ya kiwiko. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 yuko kwenye nyekundu, na hapo hakuna tena mjadala wa kwamba kwao ndiyo maumbile yao. Ni kujua kwa nini mjamzito anakula mchicha na choroko kila siku na damu yake haipandi, kumbe akimaliza tu anashushia chai ya rangi, na chai inauzuia mwili usiyachukue madini chuma ya kwenye mboga, ilhali ndimu moja ya kukamulia ingemsaidia. Tunaeleza mpaka koo linakauka. Bibi anasema sasa amefahamu. Kisha anauliza: "Na pilau watawafundisha?"

Hayo ni ya nyumbani, tumeyazoea. Yanayochosha ni ya njiani. Vyuo vinataka ufaulu wa kemia na baiolojia, na skuli zetu tunazijua. Mwalimu wa kemia akipatikana, maabara haina vifaa. Vifaa vikija, mwalimu kahamia Unguja. Mwalimu mwingine akiletwa, mtihani umeshapita. Wanaofaulu hivyo hivyo tunawapigia vigelegele, maana wamesoma kemia kwa kuisikia. Vituo vya amali tunavyo, cha Vitongoji na cha Daya Mtambwe, na wanatoka huko mafundi wa kweli, wa umeme, wa ushoni, wa useremala. Lakini aliyetaka lishe, kwa wengi wetu, ameanza kuulizia nauli ya meli.

Na meli tunaijua. Magunia ya ndizi, majogoo wamefungwa miguu, wagonjwa wa rufaa, wanafunzi na masanduku yao ya bati, wote bandari ya Mkoani, wote wanasubiri saa iliyoandikwa kwenye tikiti, ambayo nayo inasubiri. Tangu usiku ule wa Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander ikija kwetu kutoka Unguja, mama wa Pemba halali mtoto wake akiwa baharini. Hilo hatulinung'unikii. Hilo tunaliombea dua.

Anayetaka shahada kabisa anaambiwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, maana huko lishe ya binadamu inafundishwa tangu zamani. Sawa. Meli hadi Unguja, meli hadi Dar es Salaam, kisha nchi kavu. Tunasifiwa kwamba tangu 2024 treni ya umeme inamfikisha mtu Morogoro kutoka Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili. Tumefurahi. Kutoka Mkoani hadi Dar es Salaam ndiko hakujafika umeme.

Tuseme kafika. Ada imelipwa kwa karafuu za msimu uliopita na deni la msimu ujao. Darasani Kiingereza, kitabuni Kiingereza, na katika mfano wa mlo kamili kuna glasi ya maziwa, kipande cha jibini, tufaha na mboga ya brokoli, ambayo mtoto wetu aliidhania ua. Shelisheli halimo. Jimbi halimo. Kisamvu kimetajwa mara moja, katika orodha, mwishoni. Kuna somo la mapishi ya vitendo, na kila mwanafunzi atoe mchango wa vifaa: kuku, karoti, maziwa, mafuta. Wanachanga wanafunzi, wanapika wanafunzi, wanafua vitambaa wanafunzi. Wanaoonja ni wakufunzi. Jioni mwanafunzi wa mlo kamili anarudi bwenini kwake kwa chai na maandazi mawili, anapiga simu nyumbani kusema masomo yanaendelea vizuri.

Kisha siku moja mwalimu anawasha projekta, na ukutani, kwa herufi kubwa, limeandikwa jina la kisiwa chetu. Wenzake wa Mbeya na Mwanza wanageuka kumtazama. Hapo ndipo mtoto wetu anapojua kitu ambacho sisi huku hatukuwahi kuambiwa vizuri: kwamba katika elimu ya lishe duniani, Pemba ni maarufu. Anayesomea madini chuma na malaria, awe Morogoro, awe London, hawezi kutupita. Timu ya Sunil Sazawal wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins iliwapa watoto wetu wadogo, kuanzia wa mwezi mmoja hadi wa miezi 35, madini chuma na asidi ya foliki, kuona kama yatawakinga. Pamoja na ambao hawakupewa, walikuwa watoto zaidi ya 24,000. Agosti 2003 sehemu ile ya utafiti ikasimamishwa, kwa sababu waliopewa madini hayo walikuwa wakilazwa au kufariki zaidi kuliko ambao hawakupewa, kwa asilimia 12. Matokeo yalichapishwa 2006 kwenye jarida la The Lancet, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake: penye malaria nyingi, madini chuma yasigawiwe watoto wadogo wote kwa jumla bila kuangalia nani anayahitaji. Watoto wa nchi nyingine wamewekewa tahadhari kwa somo lililopatikana hapa. Ni jambo kubwa. Wengi wetu tuliokuwa tukiwapeleka watoto kupimwa tumelipata kwa mtoto aliyelisoma Morogoro.

Na hayo si ya kwanza. Miaka ya 1990 walikuja watafiti wa minyoo ya safura, wakawapima wanafunzi wa skuli, wakathibitisha kwamba damu inapungua kwa sababu minyoo inainywa. Walikuja na wa kichocho, na wa zinki. Wakaja wa rovu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hao ndio waliotushangaza zaidi, maana sisi tulidhani mtu aliyezungukwa na bahari hawezi kukosa madini joto. Walikuta marovu mengi kwa watoto wa Pemba kuliko kwa wenzao wa Unguja, na chumvi ya mashamba yetu wenyewe ikienda sokoni bila kutiwa madini hayo. Tangu 2000 pale Wawi kuna Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, imesimama, inafanya kazi, tunajivunia. Sisi tumetoa vidole vikachomwa, tumetoa mikojo, tumetoa vinyesi kwenye vikopo vidogo vyenye namba, alfajiri, mbele ya majirani. Hakuna somo la lishe tulilolikosa. Tulichokosa ni kukaa upande wa meza wenye kalamu.

Haya, kamaliza. Karudi na cheti na koti jeupe lililopigwa pasi. Ajira haipo, ila kuna kujitolea. Kila mahali kuna kujitolea. Anapima watoto kwa kujitolea, anajaza madaftari kwa kujitolea, anawafundisha wanaokuja fildi kwa kujitolea, na zikitangazwa nafasi wanataka mwenye uzoefu, na uzoefu wa kujitolea wanautilia shaka. Mtaani wanamwita dokta wa chakula. Akipita jioni wanamwita aje atazame futari: muhogo wa nazi, ndizi, tambi za sukari, uji wa sukari, kaimati za sukari, na mzee mwenye ugonjwa wa sukari kakaa katikati. Anasema neno lake kwa adabu. Mzee anaitikia, "Umesema kweli, mwanangu," na mkono uko kwenye kaimati.

Lakini hata tukimsikiliza, tutafanyaje? Anatuambia tule samaki. Pweza tunamvua, anapanda meli kwenda hotelini Unguja. Dagaa wanakaushwa visiwani humu humu, wanajazwa magunia, wanafika hadi Kongo. Mwani wanaulima wanawake wetu, kiuno kimo majini, na unakwenda ng'ambo mkavu. Karafuu zinakwenda kwenye shirika la Serikali. Vyote vyenye thamani vina safari, na kinachobaki hakina pa kwenda: muhogo, mchele wa mapembe ulioletwa na meli kutoka Asia, na chai ya rangi. Mama mmoja wa Micheweni alimjibu hivi kijana aliyemsisitizia samaki: "Mwanangu, samaki namjua tangu hujazaliwa. Bei yake ndiyo sijaisomea." Kijana aliandika kwenye daftari kwamba mama anahitaji elimu zaidi.

Hatusemi watafiti ni wabaya. Hatusemi vyuo havifai. Wala hatusemi Serikali haifanyi kitu, maana bango jipya la makundi ya chakula limebandikwa kliniki juu ya bango la zamani, na la zamani juu ya jengine, hata ukuta umenona. Tunasema tu kile ambacho kila mtu hapa anakisema akishuka melini na kabla hajafika nyumbani: kisiwa kilichofundisha dunia lishe kinastahili darasa la lishe lililo karibu na watu wake, la stashahada, lenye shelisheli na jimbi kitabuni, na wanaomaliza humo walipwe kwa kazi wanayoifanya bure sasa.

Ombi hilo si jipya. Limeshatolewa kwenye mikutano, viongozi wamelipokea, na wameahidi kulifanyia utafiti. Vikopo tunavyo.